Dereva wa Mama Nyamburi

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, kila mama Nyamburi alipohamishiwa kijijini alirudi kwa miguu kwenye mji wake wa zamani, nje kidogo ya Butiama. Majirani walikuwa wamekwisha sogezwa kando ya barabara, wakapangwa mstari kama wanafunzi. Yeye alibaki peke yake ndani ya ua wa minyaa, akimgombeza mumewe aliyekufa zamani kwamba siku hizi hamalizi ugali.

Balozi wa nyumba kumi, mzee Machage, alimpelekea chakula na kumvumilia. Lakini mama alipokoka moto chini ya kitanda, akidhani yuko jikoni, mguu ukaungua kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Machage akapeleka habari Mukendo, mjini Musoma, kwa Getruda, binti wa mama: njoo leo, huyu akilala hapa tena tutamzika.

Gari la kumbeba lilikuwa moja tu, lori la pamba la ushirika lililokuwa likirudi tupu, na dereva wake alikuwa Pastory, mume wa Getruda. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa desturi ya kwao mama na mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala mama hakanyagi nyumba ya mkwe. Tangu aoe, Pastory aliujua mgongo tu wa mama mkwe wake, naye mama hakuwahi kuiona sura ya Pastory.

Lori liliposimama, mama akauliza, "Gari la nani?"

"La mkweo, mama," akajibu Machage, mtu asiyejua kusema uongo hata wa kusaidia.

Mama akajitupia kanga kichwani, akatambaa na mguu wake mbovu, akajichomeka kwenye minyaa.

"Mama, toka twende hospitali," Getruda akambembeleza.

"Wewe msichana ni wa nani? Unataka nitazamane na mkwe wangu? Kwenu hakuna wazazi?"

Getruda akashika kiuno. Kifo cha mumewe amekisahau, mtoto aliyemzaa hamjui, lakini mkwe hajamsahau! Kisha akakumbuka kwamba sura yenyewe mama hajaiona. Akamwendea Pastory.

"Zunguka mpaka barabarani, urudi. Ukirudi, wewe ni Kasmiri, dereva wa Bunda."

"Na balozi je?"

"Balozi namtuma maji."

Lori likaenda, likarudi. Mama alikuwa ametoka minyaani, amekwisha sahau alichokuwa anakikimbia.

"Shikamoo, mama. Mimi Kasmiri."

"Marahaba, baba. Mnaona? Huyu kijana ana adabu."

Akaketi katikati, bega kwa bega na mkwewe. "Binti yangu aliolewa na dereva kama wewe," akamwambia, "ila yule mvivu. Na zile ng'ombe alizoleta! Zilikuwaga zinaegemeana zisianguke."

"Pole, mama. Lakini moja si ilikuwa na mimba?"

"Mimba? Minyoo ile!"

Getruda aliuma upindo wa kanga mpaka Musoma.

Hospitalini wakasafisha kidonda, wakakifunga, wakasema kisafishwe kila siku na mama asiachwe peke yake tena. Walipofika Mukendo, mama akagoma mlangoni.

"Nyumba ya nani hii?"

Getruda alifungua mdomo, Pastory akamuwahi. "Yangu, mama. Binti yako na mumewe ni wapangaji wangu."

"Na huyo mume yuko wapi?"

"Safarini."

"Nilijua tu." Akaingia.

Basi nyumba ikawa ya Kasmiri. Mama alikataa kabisa kushikwa kidonda na mtu mwingine. Kila asubuhi Pastory alipiga magoti na beseni la maji ya chumvi, akisikiliza ubaya mpya wa mkwe. Wakati mwingine, bandeji ikigoma kubanduka, aliongeza wa kwake ili mama acheke asisikie maumivu.

Kidonda kilikuwa kinaanza kukauka. Asubuhi moja mama aliwahi kuamka, akamkuta Kasmiri anatoka chumbani kwa Getruda, shati begani, na Getruda nyuma yake.

Wote watatu wakasimama. Getruda akapiga hesabu. Mama akitambua kwamba huyu ndiye mkwe, atakimbia. Akidhani binti yake ni malaya, atakimbia vilevile, arudi kwenye ua wake na mguu haujapona.

Mama alimtazama Kasmiri, akamtazama Getruda. Akaenda akachungulia uani, akaurudisha mlango polepole.

"Mwanangu," akanong'ona, na ilikuwa miezi mingi hajamwita hivyo, "mimi sikuona kitu. Ila yule mumeo akirudi safari, mwambie nyumba imejaa."

Kisha akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mguu.

"Na wewe vaa shati, uje unifunge."

Pastory akavaa, akapiga magoti, asijue afurahi au amtetee yule mume.