Sinki la Mguu la Mama

Baba yangu alitengeneza mabafu ya watu kwa miaka ishirini na saba, na sisi nyumbani kwake tulioga kwa ndoo. Siandiki hivi kumsema vibaya marehemu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Mtu akimtania, "Fundi, na kwako bafu likoje?" alijibu, "Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu. Ukiona kichwa cha kinyozi kimenyolewa vizuri, jua kaenda kwa mwenzake."

Mafundi wenzake walimwita Milimita. Wengine walipima sentimita sitini, yeye alipima milimita mia sita. Pimamaji yake, ile rula yenye kiputo cha kupimia usawa, aliifunga kwenye taulo kabla ya kuitia kwenye mfuko wa kazi, na ole wake mtu aliyeiegemeza ukutani vibaya. Siku moja alibomoa ukuta mzima wa vigae vilivyokwisha kukauka kwa sababu mstari mmoja ulikuwa umelala upande kidogo. Mwenye nyumba alimwambia hata hauoni. "Mimi nimeuona," baba alisema. "Sasa nitalalaje?"

Mara nyingi hakuitwa kujenga bafu jipya. Aliitwa kuligeuza la zamani, lile lenye sakafu inayotuamisha maji na rangi inayobanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Alikuwa na desturi yake. Kwanza alisimama mlangoni kimya, mikono nyuma, mpaka mwenye nyumba akaanza kuona haya. Kisha aliuliza swali moja: "Nani ananawa hapa?" Hakuuliza nani analipa. Bafu likiwa dogo, alishauri sinki la mguu, lile beseni jeupe linalosimama peke yake juu ya nguzo, kwa sababu sakafu inabaki wazi na chumba kinapumua. Bafu likiwa kubwa na watoto wengi, alishauri meza ya graniti yenye sinki katikati na makabati chini, maana watoto wana miswaki, mafuta, vitana na vurugu zao. Waliotaka graniti nyeusi aliwaonya: "Ni nzuri, lakini kila tone la sabuni litaandika jina lake hapo."

Graniti hukatwa kwa grenda, ile mashine ya mkononi yenye kisu cha duara. Ukimwagia maji wakati wa kukata, vumbi linageuka tope. Usipomwagia, vumbi linakwenda hewani, jeupe na laini kuliko unga. Baba alikata bila maji. Alipokuwa kijana, alimshuhudia mama mmoja akimfokea fundi aliyemwaga tope la mawe kwenye zulia lake, mbele ya wageni, mpaka yule fundi akapiga magoti kulifuta. Baba aliapa hatachafua nyumba ya mtu. Aliona ni adabu. Vumbi unalifagia, alisema, na mwenye nyumba hajui hata kama ulikuwepo.

Alijifunga kitambaa cha pamba puani. Barakoa ya kazi alinunua moja tu, akaiacha baada ya siku mbili kwa kuwa ilimfanya asilisikie jiwe. Kitambaa hicho mama alikifua kila jioni, na maji yalitoka kijivu.

"Kitambaa kinatoa tope kuliko kiatu," mama alimwambia siku moja. "Na huko ndani yako je?"

"Ndani yangu yuko mama mkwe wako. Anapiga deki kila siku."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kikohozi kilianza miaka miwili iliyopita. Mwaka jana akawa hawezi kufika juu ya ngazi bila kukaa katikati yake, akisingizia kwamba anakagua kingo. Nilimpeleka hospitali mimi, maana ndimi mtoto pekee niliyebaki nyumbani. Daktari alituonyesha picha ya kifua. Mapafu yalikuwa yamejaa makovu ya vumbi la mawe, na makovu hayo hayarudi nyuma. Akamkataza kukata jiwe tena maisha yake yote. Baba alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza, "Daktari, vyoo vyenu vya hapo chini, nani aliweka vigae?"

"Sijui, mzee. Kwa nini?"

"Mteremko umeelekea mlangoni. Mwambieni."

Tuliporudi nyumbani alikaa kwenye kochi, akapumua mpaka pumzi ikamrudia. Akasema, "Sasa nimepata nafasi. Nitamtengenezea mama yako bafu kabla sijaondoka."

Hapo ndipo palipokuwa na jambo. Mama alilitaka bafu hilo tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Aliwahi kumpelekea baba chakula kwenye nyumba ya mteja, akaliona sinki la mguu dirishani, jeupe, jua limeliangukia, akarudi akalisifia wiki nzima. Mama ana magoti mabovu. Kuinamia ndoo kila asubuhi kulikuwa kunamtoa machozi, ingawa alisema ni sabuni. Alitaka kitu kimoja tu: kunawa uso akiwa amesimama.

Baba alitaka kumwekea meza ya graniti, na wakabishana mezani kama watu wanaoposana.

"Sinki la mguu ni la kutazama, mke wangu. Sabuni utaweka wapi? Mswaki utabana kwapani?"

"Nitaushika kwa meno."

"Wageni wakija?"

"Wageni waje na meno yao."

Mwishowe walipatana. Sinki litakuwa la mguu, na juu yake, chini ya kioo, rafu nyembamba ya graniti nyeusi ya kuwekea sabuni na mswaki. Jiwe lilikuwepo, kipande kilichobaki kwenye kazi moja ya zamani ambacho mteja alimwachia, kimeegemea ukuta wa nyuma. Kilihitaji kukatwa mara moja tu, kwa urefu.

Usiku huo niliichukua grenda nikaificha kwenye kabati langu la nguo, chini ya mablanketi. Kila nilipomaliza kusali niliweka mkono juu ya mablanketi kuhakikisha ipo.

Kazi ilichukua wiki saba. Kazi kama hiyo zamani angeimaliza kwa siku tisa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwiko mkononi, akaweka vigae vitano, akapumzika, akaweka vitatu. Mabomba yaliwekwa na rafiki yake wa siku nyingi, fundi bomba, ambaye sote tulimwita Bomba mpaka jina lake halisi likapotea. Bomba alikuja kila alasiri na maneno yake.

"Milimita, konokono kanipita mlangoni kwako. Kasema anakuja kukuazima mwendo."

"Mwambie asubiri gundi ikauke."

Kila wiki vigae vya siku vilipungua kimoja. Tulivihesabu kimyakimya, mama na mimi, tusiseme. Nilimwomba Mwenyezi Mungu ampe pumzi za kutosha ukuta huo tu. Ukuta ulipokwisha nikaomba za sakafu. Nilijua ninaomba kama mtoto anayeomba peremende moja moja, lakini niliomba hivyo.

Sinki likasimama Jumatano. Ikabaki rafu.

"Nitalipeleka jiwe karakana wakalikate, baba. Ni dakika kumi."

"Akate mtu asiyemjua mama yako?"

"Jiwe ni jiwe."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. Siku mbili hakulitaja tena. Ijumaa jioni alinikuta jikoni, akavuta kiti, akakaa, akangoja pumzi.

"Iko wapi?"

"Nini, baba?"

"Binti yangu, wewe umesoma, mimi si mjinga. Iko wapi?"

"Daktari alisema."

"Daktari alisema kweli. Sikuombi ruhusa ya kufa. Hiyo anaitoa Mwenye kuitoa, na nadhani ameshasaini. Nakuomba mashine."

Nilisema hapana. Nikasema hapana mara ya pili. Nikaenda chumbani kusali nisipate neno hata moja. Alfajiri ya Jumamosi niliitoa chini ya mablanketi nikampelekea, nikamwambia: akate nje, akate kwa maji, na avae barakoa. Akakubali yote kwa upole ulioniuma.

Bomba alisimama karibu yake uani, birika mkononi, akimwagia maji kwenye jiwe. "Miaka ishirini na saba nakwambia tumia maji, unanijibu zulia. Leo zulia la nani?"

Grenda ikalia. Hakuna vumbi lililopanda. Maji ya kijivu yalitiririka kwenye simiti, yakamfikia baba miguuni, yakaingia kwenye kandambili zake. Akazima mashine. Akainua mguu mmoja, akalitazama tope.

"Kumbe ni hivi tu," alisema.

Bomba akaenda kulijaza birika tena.

Alisimama kupumzika mara tatu kabla ya kufika mwisho. Mara ya tatu midomo ilikuwa imebadilika rangi, na Bomba akanyoosha mkono kuichukua mashine. "Lete nimalizie, kaka. Zimebaki sentimita kumi."

"Milimita tisini na nne," baba alisema. "Na wewe hata bomba unalikata kama muwa. Mwaga maji."

Akamaliza. Akasugua ukingo kwa jiwe la kunolea mpaka ukapita kidole bila kukwaruza. Waliipandisha rafu ukutani pamoja, Bomba akishika, baba akipima, na pimamaji ikatulia katikati kabisa. Akapaka silikoni, ile gundi ya kuzuia maji, chini ya rafu, na nyingine kuzunguka mguu wa sinki, akalainisha kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni. Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Akatuita.

Mama alisimama mlangoni. Alikuwa ameshika kanga kifuani kwa mikono miwili.

"Hakuna kugusa," baba alisema. Ilimlazimu kulitoa kila neno peke yake. "Wala bomba lisifunguliwe. Silikoni mbichi. Kesho. Saa hizi hizi."

"Sawa, mume wangu. Kesho nitalioga."

"Si la kuoga. La kunawa."

Saa kumi alasiri kifua kilimkatalia. Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Walimwekea oksijeni, na alitulia kidogo, akashika mkono wa mama, akawa anausuguasugua kwa kidole gumba, kama anatafuta mkwaruzo. Jumapili saa mbili asubuhi Mwenyezi Mungu akamchukua. Hakuweza kuzungumza, kwa hiyo hakuna neno la mwisho ninaloweza kuandika hapa.

Tulifika nyumbani saa nne. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika. Uso wa mama ulikuwa umevimba kwa kulia, na chumvi imemkaukia mashavuni. Nilimletea beseni la maji na taulo. Akalisukuma pembeni taratibu.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na robo, mama. Nawa upumzike."

"Bado."

Alikwenda akakaa kwenye ile ndoo iliyopinduliwa, ndani ya bafu, mlango wazi. Watu walimwendea humo humo kumpa pole. Aliwapokea wote akiwa amekaa juu ya ndoo, na waliotaka kumtoa aliwakatalia. Shangazi akaninong'oneza kwamba akili ya mama imeyumba. Nilimwambia haijayumba hata milimita, nikasikia nilichosema, ikabidi niende nje.

Naamini siku za mtu zimeandikwa. Nimeliamini hilo tangu utotoni, na nitalifundisha kwa wanangu Mungu akinijalia. Lakini pale uani, tope la jana limekauka kijivu kwenye simiti, nilikuwa nafikiria mablanketi. Kama ningesema hapana mara ya tatu. Kama ningemwambia nimeiuza. Daktari wa jana usiku alisema kwamba bila kazi ile pengine alikuwa na miezi miwili, pengine mitatu. Miezi mitatu ni asubuhi tisini.

Saa sita na nusu nilirudi ndani. Mama alikuwa ameshasimama. Alifungua bomba, maji yakaja, na hakuna tone lililovuja. Akaweka viwiko vyake kwenye ukingo wa sinki, akakinga maji kwa mikono, akanawa uso bila kuinama. Alinawa muda mrefu. Nilisubiri mlangoni mpaka akafunga maji.

"Mama," nilisema, "grenda nilimpa mimi."

"Najua." Alikuwa anajipangusa kwa upindo wa kanga. "Kabati lako linalia kama mbuzi. Nilisikia ulipolifungua alfajiri ya jana. Baba yako naye alisikia, alikuwa macho, akaniminya mkono."

"Hukunizuia."

"Ningetaka kukuzuia ningekuja. Miguu mibovu, lakini chumbani kwako inafika." Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu lakini masafi. "Nililitaka bafu hili miaka kumi na tisa, na yeye alitaka kunipa. Ukibeba, tubebe wote watatu. Usijifanye una mabega kuliko sisi."

Akanisogeza kwa mkono mpaka mbele ya sinki, akafungua maji mwenyewe.

"Nawa," alisema. "Watu wamejaa huko nje, na wewe ndiye utakayewapokea."