Safari Isiyo na Mwenyeji

Miaka yote niliyoishi Stockholm, likizo kwetu ilikuwa na maana moja tu: kwenda nyumbani Tanga. Hatukuwahi kuchagua pa kulala. Shangazi ndiye aliyeamua, na tulipotua tulikuta vitanda vimeshatandikwa na ubishi wa nani atatupokea umeshakwisha.

Mwaka juzi mume wangu, ambaye ni dereva wa basi, alirudi kutoka kazini akasema, "Mke wangu, safari hii twende mahali ambapo hatumjui mtu." Wenzake kila msimu wa baridi hukimbilia Thailand, na mmoja wao alikuwa amemwonyesha picha za Chiang Mai, mji wa kaskazini wenye milima pembeni. Mume wangu ni mtu wa Lushoto. Akishaona mlima wenye ukungu, haambiliki.

Nikampigia shangazi kumpa taarifa.

"Mtafikia kwa nani huko?" akauliza.

"Hatufikii kwa mtu, Shangazi. Tutapanga chumba."

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Hakuna hata Mtanzania mmoja?"

"Huenda wapo, lakini hatuwajui."

"Haya, poleni," akasema, kwa sauti ile ya kwenye msiba.

Jumapili moja tukakaa mezani, nyumbani kwetu Husby, tukafungua kompyuta. Kumbe kila mtu alikuwa na Chiang Mai yake. Mume wangu alitaka kijumba cha mbao kule juu mlimani. Picha zilikuwa nzuri kweli, ila kila nilipotazama sikuona duka wala jirani. "Jioni tutakula nini?" nikamuuliza. "Mandhari?" Binti yetu, aliyezaliwa hapa na anayetujibu kwa Kiswidi hata tukimuuliza kwa Kiswahili, alitaka mtaa wa vijana wenye migahawa ya kahawa na hoteli yenye bwawa juu ya paa. Baba yake akamwambia kahawa ipo hata hapo Kista, mtaa wa jirani. Mimi nilitaka ndani ya mji wa kale, ule uliozungukwa na mfereji wa maji, ili tutembee kwa miguu. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Binti akachoka, akaenda zake chumbani.

Nikaanza kusoma maoni ya wageni, maana huko ndiko watu husema ukweli. Nyumba moja ya wageni, nje kidogo ya mji wa kale, ilikuwa imepewa nyota moja na mtu aliyekasirika sana. Nikamsomea mume wangu: kila alfajiri aliamshwa na adhana ya msikiti wa jirani, na Ijumaa asubuhi uchochoro mzima ulijaa wauza vyakula hata teksi yake ikashindwa kupita.

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Adhana? Na soko mlangoni? Huyu analalamika au anasifia?"

Tukacheka mpaka binti akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, alisema jambo moja tu, tena kwa Kiswahili ili lituingie vizuri: "Nyinyi hamko sawa." Tukaichukua nyumba ile papo hapo.

Tulifika mwishoni mwa Desemba. Alfajiri ya kwanza adhana ilisikika karibu kabisa na dirisha. Binti akavuta mto akajifunika kichwa. Mimi nikakaa kitandani nikisikiliza. Husby nina adhana ya kwenye simu, nami huizima haraka nisiwaamshe majirani. Hii haikuwa juu yangu kuizima. Machozi yakanilenga, nikajiambia ni uchovu wa safari.

Ijumaa tukashuka sokoni. Akina mama wenye mitandio walikuwa wamepanga parachichi, majani ya chai na mboga za kachumbari nisizozijua. Mume wangu akaagiza tambi katika mchuzi wa nazi na bizari, akaonja, akanitazama.

"Huu mchuzi ni wa kwenu Tanga," akasema.

"Wa kwetu hauna tambi."

"Basi wamewazidi." Akamwita muuzaji amwongeze bakuli jingine.

Juu yetu dirisha la chumba chetu likafunguliwa. Binti, nywele timtim, akainama akitutafuta katika ule umati. "Mamma!" akaita kwa Kiswidi chake. "Ni nini hicho kinanukia? Nileteeni na mimi!"

Nikamwambia ashuke mwenyewe, achague.