Neno Lililomvua Wifi Aproni

Wifi yangu ni mpishi katika hoteli ndogo karibu na stendi. Wenzake wanamwita Bi Mwiko. Kaka yake ndiye aliyeniacha akahamia kwa mwingine, na simtaki hata kwenye picha. Dada mtu sikumwacha, maana ananichekesha.

Mwaka ule hoteli ilipunguza watu. Meneja aliwakusanya akasema kwa Kiingereza, "Tunaridyusi," na kufika jioni wafua mashuka walikuwa hawana kazi. Wifi Kiingereza hajui, lakini neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba.

Haukupita muda akaja mpishi mkuu mpya, kijana mpole anayependa maneno kuliko chumvi. Siku ya kwanza alichungulia sufuria ya wifi, akasema huku anapita, "Bi Mwiko, ridyusi. Nusu inatosha."

Wifi akavua aproni, akaitupa mezani.

"Nusu ya nini? Nusu mshahara au nusu mtu? Nimeingia jiko hili wewe hujaota ndevu! Hunipunguzi, najipunguza mwenyewe. Kazi nimeacha, pika na Kiingereza chako!"

Mpishi mkuu akanyoosha kidole kwenye sufuria.

"Mchuzi, mama. Nasema mchuzi. Uchemke bila kifuniko, maji yapungue, ladha ikolee."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wifi uso umemshuka, lakini mdomo haukushuka. "Sasa si ungesema 'kausha mchuzi', kama watu?"

"Ni neno zuri, mama. Limetoka Kilatini, na huko mwanzo halikuwa la kupunguza. Lilikuwa la kukiongoza kitu kirudi kilikotoka. Kurudisha."

"Kurudisha?"

"Ndiyo."

Wifi akaitazama aproni yake. Kazi ameiacha kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, na nyumbani watoto wanamsubiri yeye tu.

"Basi, baba, mimi nimetoka. Niridyusi."

Kijana wa watu alicheka hadi akakalia gunia la viazi. Alipoinuka alimvisha aproni, akamfunga kamba kwa mikono yake mwenyewe. Mimi kaka mtu aliponipunguza, sikuletewa Kilatini. Na leo akija kunirudisha, atakuta mlango una komeo. Wifi lakini alirudi jikoni kifua mbele. Mchuzi wenyewe ulikuwa umeungua zamani, wageni wakala mayai.