Darubini Isiyosogea

Skolastika alikuwa karani wa takwimu pale kituo cha utafiti, Maruku, na kitu alichokijua vizuri kuliko vyote duniani kilikuwa urefu wa miche ya kahawa. Kila asubuhi aliletewa karatasi zenye tope la vidole vya wapimaji, akaziingiza kwenye kompyuta tarakimu moja moja: safu ya tatu, mche wa kumi na nne, sentimita themanini na mbili. Nyota hakuzijua. Shuleni hakuzijua, na mwaka huu wa 1994, akiwa na miaka thelathini na moja, alizijua kidogo kuliko zamani, maana sasa alikuwa amezisoma mpaka zikamchanganya.

Aliyemwingiza kwenye mambo hayo ni kaka yake, Datius. Huyu alikuwa mwalimu wa sayansi kule Kimwani, Muleba. Wakati wa vita alikuwa mgambo, akapewa darubini ya kuwachungulia askari wa Uganda ng'ambo ya mto. Siku moja akaielekeza kwenye mwezi, na watu husema akili yake haikushuka tena. Mwaka 1990 redio ilipotangaza kwamba Wamarekani wamerusha darubini kubwa angani, alinunua daftari la miraba akaanza kuchora mchezo wa kuwafundishia watoto habari zake. Mchezo wa kompyuta! Na Kimwani nzima hakuna aliyewahi kuiona kompyuta.

"Dada yangu anayo," alikuwa akiwajibu waliomcheka.

Halafu ule ugonjwa ukamchukua, kama ulivyomchukua mkewe kabla yake. Mwaka 1992 walimzika migombani, nyuma ya nyumba, na Skolastika akarudi Maruku na vitu viwili: daftari lile, na binti wa marehemu aitwaye Alistidia. Kabla hajafa Datius alikuwa amemwambia, "Skola, mtoto mmoja tu akielewa, nitakuwa nimefundisha." Kwa hiyo Skolastika hakuwa na ujanja wa kukwepa.

Mkuu wake wa ofisi, Bwana Burhani, mtu wa Bukoba mjini, alimruhusu kuitumia kompyuta saa ya chakula. Mwaka mzima Skolastika hakula mchana. Alijifunza kuiandikia mashine amri kutoka kwenye kitabu kinene cha maelekezo kilichokuja nayo, akikosea, akifuta, akikosea tena. Darubini aliitengeneza kwa herufi na mabano, ikawa kama mdudu. Nyota zilikuwa alama ndogo za kijani kwenye skrini nyeusi.

Lakini daftari lilikuwa na mstari mmoja uliomsumbua kama mfupa wa samaki kooni. Datius aliandika: "Hata huko juu darubini haijazikaribia nyota. Inakaa. Inageuka. Inapokea." Haijazikaribia? Sasa waliipeleka juu kufanya nini? Skolastika aliusoma mstari ule mara arobaini. Mwisho akajiambia kwamba marehemu aliuandika akiwa na homa, maskini. Akamsaidia. Akaongeza kitufe cha kusogea mbele.

Alhamisi Bwana Burhani akaja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Ma Skola, umekonda."

"Ndiyo mwili wangu, mzee."

"Si mwili, ni nyota. Sikiliza. Jumamosi waite watoto wa darasa la tano. Wakielewa, waje kila Jumamosi, mimi mwenyewe nitafungua mlango. Wasipoelewa, tuache. Urudi kula mchana kama watu wengine."

Jumamosi wakaja watoto sita, miguu imeoshwa, na Alistidia akiwa wa saba. Alisimama dirishani. Tangu msiba hakuwahi kuuliza lolote kuhusu daftari la baba yake.

Mujuni, aliyejifanya anajua kila kitu, akakaa wa kwanza. Akaiona nyota pembeni ya skrini. Akabonyeza kitufe cha kusogea, akabonyeza, akabonyeza. Darubini ikaenda, ikatoka ukingoni, na maandishi yakatokea: UMEPOTEA.

"Mashine imeniibia!"

"Toka hapo, hujui," alisema Asha, akakaa yeye. Akapotea. Akaja wa tatu, akapotea. Watoto wote sita walimpeleka yule mdudu wa mabano mpaka kwenye nyota, wote wakapotea, na Skolastika akabaki kashika shingo haelewi. Hesabu alizipiga sawasawa. Picha inatokea darubini ikitulia na kuelekea nyota. Kwa nini hawatulii?

"Kwani mnakwenda wapi?" aliuliza.

"Kwenye nyota, Ma Skola."

"Lakini darubini ni ya kuangalia mbali."

Mujuni akamtazama kwa huruma. "Kuangalia mtu kwa mbali ni kumvizia. Babu alisema darubini ilikuwa ya kuviziana vitani. Kama si adui yako, unamwendea, unabisha hodi, unapewa akamwani, kahawa ya kutafuna, ndiyo umemjua. Utamjuaje mtu umesimama njiani?"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Bwana Burhani akakohoa. Skolastika alitaka kumkatalia, akakumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeweka kile kitufe. Yeye mwenyewe angekwenda. Alifungua daftari, akausoma ule mstari kwa sauti, pengine mtu mwingine angeuelewa: "Inakaa. Inageuka. Inapokea."

"Tutafanyaje, Ma Skola?" aliuliza Bwana Burhani kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha.

"Tata alikuwa anakaa," alisema Alistidia; Tata ndivyo alivyomwita baba yake.

Wote wakageuka.

"Alipoumwa. Hakuweza kwenda kwa mtu. Alikuwa anakaa mlangoni, nikamgeuzia kiti kielekee njia ya kanisani, kesho yake njia ya sokoni. Akitaka habari za sokoni ananiambia, nigeuze. Watu wanapita, wengine wanaingia. Wengine hawakuingia." Akasogea kutoka dirishani. "Lakini habari zote alikuwa nazo. Zilikuwa zinamjia."

"Sasa nyota nayo inakuja?" aliuliza Asha.

"Si nyota. Mwanga wake."

"Kama inakaa tu, kiti chake walikipeleka kule juu kwa nini?" Mujuni hakukubali kushindwa.

Alistidia akafikiri. "Jikoni kuna moshi. Ungemwona mgeni kutoka jikoni?"

Skolastika alipekua daftari haraka. Sentensi ilikuwepo, ukurasa wa nyuma: hewa yetu huutikisa mwanga kama mvuke juu ya sufuria. Aliipita mara ngapi? Alimwona kaka yake ni mgonjwa asiyejua anachosema, kumbe alikuwa anaandika alichokuwa anakiishi. Alikaa mbele ya kompyuta, akatafuta mistari yake miwili ya kitufe cha kusogea, akaifuta. Vikabaki vitufe viwili tu: kugeuka na kungoja.

Mujuni akageuza, akangoja sekunde tatu, akaondoka akisema mchezo gani huu wa kukaa. Asha ndiye aliyengoja. Akageuza kidogo, akatulia, kidole juu ya kitufe kirefu. Nukta moja. Nyingine. Kumi. Polepole duara la kijani likajijenga katikati ya skrini.

"Amefika," alisema Asha.

Bwana Burhani akatoa funguo mfukoni, akatenganisha mmoja, akauweka juu ya meza kando ya daftari. "Jumamosi saa tatu," alisema. Kisha akakaa mwenyewe, akageuza, akachoka kungoja, picha ikafutika. "Sijaelewa."

"Watoto wameelewa, mzee," alisema Skolastika.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Alistidia alilibeba daftari. Alilisoma akitembea, akijikwaa.

"Shangazi, hapa Tata ameandika mwanga mwingine uliondoka zamani sana, na nyota yenyewe huenda imeshakufa. Sasa mgeni anafikaje na kwao hakuna tena nyumba?"

Skolastika aliinama kuusoma mstari ule begani kwake. Walipita migomba ya watu watatu.

"Sijui," alisema. "Soma tena."

Alistidia akasoma tena.