Uwanja Tulioulima kwa Mikono

Watu wa Kigoma wakiisifia ile kampuni ya ndege iliyokufa, mimi huondoka barazani. Wanasema ilileta maendeleo mwambao mzima wa ziwa. Mimi niliifanyia kazi, na najua ilimletea nani.

Kijiji chetu kiko kusini, mbali na mji, na hakina barabara. Nilipokuwa namaliza shule, alikuja mkurugenzi wa kampuni akaitisha mkutano ufukweni. Aliomba eneo la kutua ndege yake. Hatatoa fidia, alisema, ila mgonjwa wa kijiji atapanda kabla ya mgeni yeyote. Wazazi wetu walimwamini. Mama yangu, aliyevuka kutoka Kongo akiwa mtoto mchanga na hakuwahi kumiliki shamba jingine, aliacha michikichi yake ikatwe. Tuling'oa visiki na kusomba mawe kwa vichwa mpaka uwanja ukanyooka.

Nami nikaajiriwa uwanja wa ndege wa Kigoma, kupima mizigo na kupanga abiria.

Mwanzoni ndege ilikuwa moja, yenye injini moja puani, mabawa juu na mlango uliofungwa kwa kamba. Ilinuka mawese na samaki wakavu aina ya migebuka. Humo alipanda mwalimu, alipanda mama mwenye mtoto wa homa, na rubani aliwasaidia kubeba vikapu. Sikatai, siku hizo ahadi ilitimizwa. Kisha ikaja ya pili, yenye injini mbili, wakaanza kukataa samaki. Ya tatu ilikuja na viti vya ngozi nyeupe, kwa ajili ya watalii wanaokwenda kuangalia sokwe. Ile ya kwanza ikasukumwa pembeni, ikang'olewa vipuri.

Asubuhi moja muuguzi wa zahanati ya kijijini alinipigia simu. Dada yangu alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, anahitaji upasuaji haraka. Ndege ya viti vyeupe ilikuwa inakwenda kulekule kuchukua wageni. Nilikwenda ofisini kwa mkurugenzi, nikamkumbusha alichosema ufukweni. Akanijibu kwamba wageni wamekodi ndege nzima.

"Bosi, ni dada yangu. Alisomba mawe ya uwanja ule," nikamwambia.

"Na akivuja damu kwenye viti vile, nani atavisafisha?"

Hakupandisha sauti. Alisema hivyo huku akikoroga chai.

Wanakijiji walimbeba dada kwa machela ya miti hata hivyo, wakamlaza kando ya uwanja wakitumaini rubani atakuwa na moyo. Rubani, si yule wa zamani bali mpya kazini, alisema ana amri. Akapakia wageni, akaruka. Ndege ilipotua Kigoma ni mimi niliyefungua mlango. Viti viwili vya nyuma havikuwa na mtu. Palikuwa na mabegi ya kamera, yamefungwa mikanda ya usalama vizuri ili yasianguke.

Dada alikuja kwa boti ya mbao, mchana kutwa, mawimbi yakimrusha. Madaktari walimwokoa yeye. Mtoto, wa kike, alikuwa ameshafariki. Tulimzika Ujiji kwa sababu dada hakuwa na nguvu za kurudi naye.

Mkurugenzi alinipa pole na ruhusa ya mapumziko. Nikamwachia kitambulisho cha kazi mezani, nikapanda boti kwenda nyumbani.

Nilikuta kinamama wako uwanjani na majembe. Mama yangu alikuwa katikati kabisa, pale magurudumu yanapogusa ardhi, anachimbia pingili za mihogo. Hakuna aliyewatuma. Nikachukua jembe. Tulipanda mwanzo hadi mwisho wa uwanja.

Safari hii mkurugenzi alilazimika kuja kwa boti. Alishuka amelowa, uso umemsawijika kwa kutapika. Alizungumza juu ya sheria na polisi, kisha akaona tunaendelea kupalilia, akaanza kubembeleza. Alimwita mama yangu shangazi.

Mama akasema, "Mjukuu wangu hakupata kiti. Na wewe hapa hupati."

Akarudi kuinama kwenye mihogo.

Polisi hawakuja. Kampuni ilitafuta uwanja mwingine kwenye kijiji cha mbali, wakaukosa, wageni wakahamia kwa kampuni nyingine, na ndege zikauzwa moja baada ya nyingine. Barazani husema tuliua ajira za vijana kwa hasira za kike. Jirani yangu hapa Bangwe, mjini Kigoma ninakoishi sasa, aliniambia hivyo usoni, kwa upole, kama anayenishauri nisamehe.

Nilimuuliza kama amewahi kulifunga begi mkanda.

Hakuelewa. Dada yangu hakupata mtoto mwingine. Anaishi kulekule kijijini, na mihogo ile tuliivuna, tukaila, tukapanda tena.