Piza ya Sabato

Kila ukingo wa piza unapoanza kuungua kidogo kwenye oveni yangu, najikuta jikoni kwetu Sori, Ijumaa alasiri, nimechuchumaa kando ya jiko la makaa. Waya, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Nairobi akaahidi kutupikia piza. Sikuwa nimewahi kuiona. Alikanda unga kama wa chapati, akatia hamira, akapaka nyanya, na kwa kuwa jibini hatukuwa nayo, akatawanya juu yake omena, dagaa wa ziwani kwetu. Kisha akafunika sufuria na kupanga makaa juu ya kifuniko. Nilishangaa. Moto juu, moto chini, chakula katikati?

Mama alikuwa akichungulia jua. Kwetu hakuna aliyewasha moto siku ya Sabato, na chakula cha siku hiyo kilipikwa Ijumaa kabla jua halijazama.

"Imeiva," Waya akasema. "Tuile ikiwa moto."

"Hiyo ni ya kesho," mama akajibu, akaifunika kwa kitambaa.

Waya akayamwagia makaa maji.

Kesho yake tulipotoka kanisani, tuliila. Ilikuwa baridi, ngumu pembeni, na tamu ajabu.

"Waya, hata Nairobi huliwa baridi hivi?" nikauliza.

Akamtazama mama, aliyekuwa ameacha kutafuna.

"Hivi hivi," akasema, akajikatia kipande kingine.

Sasa mwanangu ananisukumia sahani inayofuka mvuke. "Kula basi, itapoa!"

"Iache ipoe," namwambia.