Kikombe cha Shahidi

Mtaa mzima ulimjua kwa mlio wake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ungesikia ting', ting', kijiko cha chuma kikigongwa mara mbili kwenye ukingo wa chupa ya kioo, na majirani wakajua mtindi wa watoto uko tayari. Ndiyo maana wakamwita Bibi Kijiko. Hakukasirika, wako watu mtaa huohuo waliopewa majina mabaya zaidi.

Miaka ishirini na saba alikuwa mpishi wa wodi ya watoto hospitalini. Alipostaafu alikataa katakata kukaa barazani na kuwasema watu. Kituo cha kulelea watoto kilikuwa hatua mia mbili kutoka kwake, na watoto saba wa pale walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kula, wengine wana miezi saba, wengine tisa. Mama zao wote wako kazini mchana kutwa. Basi akajitwika mwenyewe kazi ya kuwaandalia chakula cha saa nne.

Ukimwuliza siri ya mapishi yake atakucheka. Jioni alichemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka kidole safi kiweze kuvumilia ndani yake kwa kuhesabu kumi, akachanganya vijiko vitatu vya mtindi wa jana, kisha akaivika ile chupa pana blanketi kuukuu kama mgonjwa wa homa. Asubuhi maziwa yameganda. Tunda lilitegemea siku: ndizi mbivu iliyopondwa, papai, parachichi, au embe lililochujwa nyuzi. Sukari hapana, chumvi hapana, na asali usiitaje mbele yake. Mtoto hajatimiza mwaka, asali ya nini?

Jikoni mwa hospitali alitoka na desturi moja ambayo hakuiacha. Watoto ni saba, lakini alijaza vikombe vinane. Cha nane, kinachojazwa mwisho, alikifunika na kukiweka kwenye friji mpaka kesho yake, asiruhusu mtu kukigusa. Mtoto akiumwa tumbo, hakuna kubishana, kikombe kitapelekwa kupimwa. Yeye alikiita kikombe cha shahidi. Mumewe, dereva wa lori mstaafu mwenye tumbo lisilojua kustaafu, alikiita kikombe cha marehemu, kwa kuwa hakikuliwa na yeyote aliye hai.

Siku hiyo tunda lilikuwa ndizi. Aligonga kijiko chake mara mbili, akajaza, akapeleka vikombe saba kituoni, akarudi. Alimkuta mumewe kwenye beseni anasukutua maji ya chumvi.

"Una nini, mzee?"

"Jino," alijibu bila kugeuka, akachukua kofia yake akaenda kwa kinyozi.

Saa tatu na nusu Bibi Kijiko alikaa kuosha vyombo. Alipopitisha kidole kwenye ukingo wa chupa, kidole kikakwama. Akainua chupa dirishani. Ukingo ulikuwa umemeguka, pengo la ukubwa wa ukucha wa mtoto.

Jana jioni ukingo ulikuwa mzima, aliuosha kwa mkono wake. Akapapasa beseni, akamwaga maji kwenye chujio, akapiga magoti akafuta sakafu nzima kwa kiganja kitupu, akitamani kipande kimkate. Hakikumkata. Hapo ndipo alipokitazama kile kijiko, na ule mlio wa miaka yote, ting', ting', ukamrudia masikioni, safari hii akiuogopa. Kipande kilikuwa ndani ya chakula. Saa nne kasoro dakika kumi.

Alikimbia na ndala moja. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, kanga inaburura, watu wanampisha bila kujua wanapisha nini. Njia nzima alikuwa akiona koo dogo likimeza.

"Acheni!" alipiga kelele kabla hajafika mlangoni. "Msiwalishe! Msiwalishe!"

Dada mlezi alikuwa amekaa kwenye mkeka, watoto wamemzunguka na aproni zao shingoni. Vikombe sita vilikuwa bado na vifuniko. Cha saba kilikuwa kitupu. Mbele yake alikaa yule waliyemwita Bosi, wa miezi minane, ambaye hulishwa kwanza kila siku kwa sababu akicheleweshwa hupiga makelele mpaka watoto wote wanalia. Alikuwa analamba kidole na kucheka, ana meno mawili tu.

"Amemaliza chote, bibi," dada mlezi alisema kwa fahari, kisha akauona uso wa mwenzake, akaweka kijiko chini.

Walichuja vile vikombe sita kwa kitambaa cheupe, kimoja kimoja, wakikamua mpaka tone la mwisho. Ndizi na mtindi, basi. Kila kikombe kilichotoka safi kilimzidishia hofu, maana kilikuwa kinamsogelea Bosi.

Mama yake Bosi alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare, nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuja na futi ya kupimia bado iko shingoni. Bibi Kijiko hakumsukumia mtu mwingine kazi ya kusema. Alimweleza yote mwenyewe. Yule mama hakumtukana. Alimbeba mwanawe akampita kama anavyopita nguzo, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Kwenye zahanati daktari alimbonyezabonyeza Bosi tumbo, akampiga picha, akasema hakuna kinachoonekana. "Lakini kioo kidogo hivyo kinaweza kisionekane. Atakaa hapa tumwangalie. Akitapika, au mkiona damu kwenye choo, niiteni mara moja." Akamgeukia Bibi Kijiko. "Vikombe vyote vingine mmevichuja?"

"Vyote sita, daktari."

Alipotamka sita, akakumbuka. Alijaza vinane! Alimwambia mama, "Ninakuja, mwanangu," na mama hakuinua macho.

Mpaka nyumbani alikuwa anaomba kwa sauti. Akafungua friji. Kikombe cha shahidi kilikuwa pale pale, kimefunikwa, mtindi umetulia juu laini. Akakimimina kwenye kitambaa, akakamua, akafunua, akapapasa kwa vidole vyote kumi.

Hakikuwemo.

Basi kiko tumboni mwa mtoto. Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji, akalia kwa kwikwi. Wodini alikuwa ameona vitanda vidogo vikitandikwa upya mchana mchana, na alijua vinafananaje.

Mumewe alimkuta hivyo, yeye ananukia spiriti ya kinyozi. "Mama watoto, kuna msiba?"

Akamweleza kwa maneno yaliyokatikakatika. Mzee alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza uso ulimpauka. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi ya chooni iliyokunjwa, akaikunjua. Ndani yake kulikuwa na kipande cha kioo chenye doa la damu.

"Nilikula vijiko viwili tu vya kikombe cha marehemu," alisema. "Cha pili kikanikata ufizi. Nikasawazisha juu kwa mgongo wa kijiko, kama... kama siku zote."

"Kama siku zote?"

"Nilijua ni hicho kimoja na nimeshakitoa. Nikasema, hatari imekwisha. Ningekuambiaje, mama watoto, bila kukuambia kwamba nakila?"

Hakuwa na muda wa kumjibu. Majibu yake mzee aliyapata baadaye, na aliyapata kwa wiki tatu. Bibi Kijiko alichukua kipande, akakipachika kwenye ukingo wa chupa. Kilikaa sawasawa, hakikubakisha hata upenyo wa nywele.

Kule zahanati mama yake Bosi aliipokea ile chupa. Alikipachika kipande, akakitoa, akakipachika tena, mara tatu, akipitisha kidole pande zote. Kisha akaanza kulia, na Bosi, aliyekuwa akitafuna futi ya mama yake, akamshangaa.

Kesho yake mtaa haukusikia mlio. Mtindi uligandia kwenye sufuria ya chuma, na vikombe vilijazwa kimya kimya kwa upawa wa mbao. Bibi Kijiko alipofika kituoni, mama yake Bosi alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, kijiko mkononi.

"Shikamoo, bibi. Cha mwanangu ni kipi?"

Akamwonyesha. Mama akakifunua, akakoroga mpaka chini, akachota kijiko kilichojaa na kumnyooshea. "Onja."

Bibi Kijiko alifungua mdomo kama mtoto. Alikuwa mwanamke aliyelisha wodi nzima, na sasa analishwa mlangoni watu wakipita. Alimung'unya polepole, akiogopa na yeye, ulimi ukitafuta kila pembe. Mama alimtazama kooni mpaka aone kimeshuka. Kisha akachota kingine.

"Na kesho pia, bibi," alisema.

Bibi Kijiko aliitikia kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umejaa.